Dirisha la Kutazama Mlima

Turubai jipya likipigwa na jua la Voi hutoa harufu ya plastiki iliyochanganyika na kitu kitamu kidogo, kama kandambili zilizotoka dukani leo, na ikifika adhuhuri ule utamu unakuwa maumivu ya kichwa. Mpaka leo lori lililofunikwa turubai likiegeshwa juani karibu nami, narudi kuwa mtoto wa darasa la nne, nimekaa mlangoni mwa hema kwenye uwanda ulio nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Mwatate, nikishangaa jinsi dunia ilivyo bapa. Sisi tulitoka Werugha. Kule hakuna kitu bapa isipokuwa meza. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi, ng'ombe wanakula wakiwa wameinamia upande mmoja, na mpira wa matambara ukikuponyoka unaufuata mpaka uani kwa watu usiowajua. Ukungu huingia jikoni bila hodi, na nguo iliyofuliwa Jumatatu unaivaa Alhamisi ikiwa bado na unyevu kwenye mishono. Harufu ya kwetu ilikuwa ya moshi, maziwa na udongo mbichi. Udongo huo ndio uliotutoa.

Inafaa nieleze kwanza jinsi nyumba za kwetu zilivyokaa, maana habari yote inategemea hapo. Mtu wa mlimani hukata ukingo, akapata kiwanja kidogo, kisha akajenga nyumba iliyoupa mlima kisogo. Mlango na madirisha hutazama bondeni. Ukuta wa nyuma hauachiwi hata tundu, kwa kuwa ukilifungua utaona nini zaidi ya udongo wa ule ukingo unaovuja maji, na tena baridi ingekuingilia. Ndivyo alivyojenga Babu, na ndivyo alivyojenga baba yake. Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka watu wakachoka kuizungumzia. Mchana mmoja Babu alizunguka nyuma ya nyumba kuzibua mfereji ili maji yasiingie ndani. Nyanya alikuwa jikoni anamenya viazi, uso wake bondeni kama kawaida. Alisikia sauti ya mtu anayeburuta gunia, akadhani ni Babu. Alipotoka kumwuliza anaburuta nini, nusu ya nyuma ya nyumba haikuwepo, na Babu hakuwepo. Tulimzika katika kijiji cha Mghange, kwa ndugu zake, kwa sababu ardhi yetu haikuaminika tena hata kwa kaburi.

Baada ya mazishi chifu alitangaza kwamba hakuna ruhusa ya kurudi. Ufa ulikuwa umechora mstari juu ya nyumba zetu zote, na mvua haikuwa na dalili ya kukata. Tukapakiwa kwenye malori na magodoro yetu na kuku wetu, tukashushwa kwenye uwanda ule kwenye mistari ya mahema. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa, akija mwisho wa mwezi, kwa hiyo hema letu lilikuwa la Mama, Nyanya na mimi. Nyanya hakutaka kuingia. Kila asubuhi alitoa kigoda chake nje akaketi na mgongo ameuelekeza kwenye milima, ambayo ilionekana vizuri sana kutoka pale, ya samawati na mikubwa, akatazama uwanda mtupu upande wa pili. Siku moja akamwambia Mama, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Mkinijengea nyumba ya mtu kukaa, nitakaa. Mkiniacha kwa hii karatasi, narudi kwangu." "Kwangu" hiyo ilikuwa ile nusu ya nyumba iliyobaki chini ya ufa. Nyanya hakuwa mtu wa kutishia. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja, kisha ukiamka unakuta amelifanya. Mama alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, nami nikamwona analia. Tangu hapo nilikuwa nikiamka asubuhi natazama kwanza kama kigoda kipo.

Ndipo akaja Nafula. Tulikuwa tumeambiwa kwamba shirika la misaada litatuma mtu wa kujenga, kwa hiyo wanaume walitazamia jamaa mwenye helmeti na mchoro wa kukunja. Akashuka msichana mwembamba mwenye viatu vya vumbi, mwenyeji wa Bungoma, amebeba ndoo za udongo wa mfinyanzi na furushi la mabua ya mahindi. Alituambia yeye ni msanifu wa majengo. Sisi tukamwita Injinia, akasahihisha mara kadhaa, kisha akachoka. Alitandika mikeka chini ya turubai kubwa, akatuita wote, akauliza, "Mnataka nyumba ya aina gani?" Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima aliyesoma akiuliza swali ambalo jibu lake halijui. Walimu wetu waliuliza maswali, lakini majibu walikuwa nayo, na fimbo pia. Mwishowe mzee mmoja, Mwakio, aliyekuwa mzee wa kanisa, akasema, "Si wewe ndio umesoma? Wewe tuambie, sisi tutashukuru." Nafula akacheka. "Kujenga najua, mzee. Lakini sijui nyinyi mnaishi aje."

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu kwangu, na nasema kweli, zilikuwa za furaha, ingawa niliona haya kufurahi wakati Babu amekufa. Wazee wazima waliketi chini wakifinyanga nyumba ndogo kwa udongo na kuzifunika kwa mabua, wakigombana kwa sauti za juu kuhusu milango yenye ukubwa wa kidole. Wanaume waliviweka vyoo mbali kabisa, huko kwenye vichaka, kwa heshima. Wanawake wakavihamisha vikawa karibu, kisha wakavigeuza ili mtu akitoka asikutane uso kwa uso na wanaume wanaopiga soga. Wanaume wakavirudisha. Mama, ambaye tangu mazishi alikuwa akiongea kwa kunong'ona, akawaambia, "Basi nyinyi mtakuwa mnatusindikiza huko kila giza likiingia, na taa mtashika nyinyi." Vyoo vikabaki pale wanawake walipovitaka. Mimi nilifinyanga ng'ombe. Nilidhani Nafula atanifukuza na mchezo wangu, lakini aliinama akamwangalia, akauliza, "Na huyu analala wapi?" Hatukuwa na ng'ombe tena, na watu wazima wote waliokuwa pale walijua. Hata hivyo wakaanza kujadili zizi, wapi likae ili mavi yasinuke jikoni, nami nikajua kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu anaamini tutakuwa na ng'ombe tena.

Nyanya alikuwa akisikiliza yote kutoka kwenye kigoda chake, akijifanya hasikii. Alivumilia mpaka alipoona nyumba ya Mwakio ina madirisha makubwa pande zote. Akanyanyuka, akaja, akaiangalia ile nyumba ya udongo jinsi mtu anavyoangalia ugali mbichi. "Hii mtu atalala na baridi yote ya dunia," akasema. Akakaa chini, akaminya udongo, akatuonyesha nyumba ni nini. Kuta nene. Paa la chini. Madirisha madogo mawili, yote mbele. Moto katikati ya nyumba, usizimike, maana nyumba isiyo na moto ni stoo. Nyuma, ukuta mzima usio na tundu. Watu walisogea wakatazama, kwa sababu ilikuwa nyumba ya kila mmoja wetu, ile tuliyoiacha. Mama Mshai, jirani yetu, akajifuta macho kwa leso. Mwakio akaibomoa yake bila kuambiwa, na kwa kauli moja ikapitishwa kwamba nyumba zote ziwe hivyo, na ya Nyanya ijengwe kwanza iwe mfano.

Kabla ya kujenga, Nafula alitaka tuyaone makazi kwa ukubwa wake halisi. Tukachora kwa chokaa na kamba juu ya ile ardhi nyekundu: hapa mlango, hapa jiko, hapa njia. Halafu akatuambia tutembee humo kana kwamba tumeshahamia. Hapo ndipo tulipoanza kuhangaika. Kwetu ukimwelekeza mtu unamwambia panda kwa kina Mshai au shuka kwa Mwakio, na huwezi kumpoteza. Pale Mama Mshai alisimama katikati ya nyumba yake ya chokaa akauliza, "Sasa juu iko wapi?" Hakuna aliyecheka. Kila mtu alitazama huku na huku akitafuta juu. Mwishowe wakakubaliana kwamba juu ni upande wa milima, na chini ni upande wa barabara, na nyumba zote zikapangwa kwa safu, zimeipa milima kisogo, moja nyuma ya nyingine. Kule nyumbani ukisimama mlangoni unaona bonde lote juu ya paa la jirani. Pale kila mlango ulikuwa unatazama mgongo wa nyumba iliyo mbele. Nafula aliliona hilo, nilimwona akilipima kwa macho. Akauliza kama tuna hakika. Tukasema tuna hakika. Naye alikuwa ametuahidi kwamba atajenga tutakachosema, basi akajenga.

Nyumba ya Nyanya ilisimama haraka, kwa sababu kila mkono ulikuwepo. Miti ya mkonge ililetwa kutoka mashambani, wanawake wakakandika udongo wakiimba, bati likapigiliwa chini chini kama alivyotaka. Siku ya kuingia Mwakio aliomba dua ndefu, Nyanya akawasha moto kwenye mafiga, akabandika sufuria ya makande. Tulisongamana ndani tukipiga vigelegele. Kwa muda mfupi, na moshi ule machoni, tulikuwa Werugha. Kisha jua likafika juu ya bati. Jasho lilianza kututoka puani. Mshai, aliyekuwa rika langu, akatoka, wakatoka na watoto wengine, halafu watu wazima wakaanza kukumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Nyanya akabaki. Ile nyumba ilikuwa tanuri. Kila alasiri niliyopita pale nilimwona ameketi karibu na moto wake, leso imelowa, uso umevimba kwa joto, anasema hajambo. Mama akamsihi atoke avute hewa kidogo. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyesema nyumba iwe hivyo, sasa akitoka watu watasema nini? Lakini usiku mmoja nilikwenda kulala naye, na alfajiri nikaona kitu kilichonikata maini. Kanga zake zilikuwa zimefungwa furushi, na furushi liko juu ya kigoda, karibu na mlango.

Nilikimbia kwa Nafula nikamwambia kuhusu furushi. Alikuja saa ile ya joto kali, akapiga hodi, akaingia, akaketi upande wa pili wa moto. Nami nikajibanza mlangoni. Jasho lilimtiririka Nafula shingoni mpaka kwenye kola, hakulifuta, na Nyanya alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri mgeni aombe maji. Mwishowe Nyanya akasema, "Hii nyumba ni mzuri. Ni mahali ndio mbaya."

"Nyumba umejenga sawa, Nyanya," Nafula akasema. "Ni mimi nilikosea. Niliwauliza mnataka nini, lakini mlikuwa hamjakaa huku. Mngejua aje?" Akautazama moto. "Na mimi pia sijui mtu wa huku analala aje."

Nyanya akamtazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza jambo ambalo watu wetu wa mlimani, kwa kiburi chao chote juu ya watu wa uwandani, sijui kama waliwahi kuuliza. "Wao wanalala aje?"

Tukaenda kuuliza. Jirani wa karibu alikuwa Bi Zuhura, aliyekuwa akiwauzia madereva wa malori chai na mahamri pale Miasenyi, kwenye barabara ya Mombasa, kabla ya kuolewa Voi. Alimwamkia Nyanya, akatutandikia mkeka barazani, akatuletea maji ya mtungi. Nyanya hakukaa. Alizunguka ile nyumba kama mnunuzi wa ng'ombe, akashika ukuta, akachungulia paa. Bati lilikuwa limeinuliwa juu ya ukuta, katikati pameachwa nafasi inayopitisha hewa. Jiko lilikuwa nje, na ukuta wake uliishia kiunoni.

"Nyumba yako imetazama wapi?" Nyanya akauliza.

"Imetazama upepo, bibi," Bi Zuhura akajibu. "Unaingilia mbele, unatokea nyuma."

"Kwetu nyumba inajificha upepo."

"Huku ukijificha upepo utachemka, bibi yangu."

Nyanya akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Werugha. Akaomba ruhusa aingie aone huko nyuma upepo unakotokea, nasi tukamfuata. Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha pana la mbao, limefunguliwa, na ndani ya fremu ile, yote kwa pamoja, ilikuwa milima yetu. Nilitaka kumvuta mkono, kwa sababu nilijua hajaitazama hata mara moja tangu tushuke. Lakini alisimama pale. Akatafuta kwa kidole mpaka akaona Vuria, kile kilele cha juu, kisha akashuka nayo taratibu mpaka mahali ambapo kulikuwa na mkwaruzo mwekundu mrefu kwenye kijani. Alibaki hivyo mpaka Bi Zuhura akaleta kiti, naye Nyanya akakikataa. Halafu akaketi chini sakafuni, mgongo wima, akaonyesha kwa kiganja mbele ya macho yake.

"Nataka dirisha ya nyuma," akamwambia Nafula. "Hapa. Nikikaa, inifikie hapa. Ile siku sikuona, nilisikia tu. Nilikuwa nimempa mgongo." Akashusha kiganja. "Huo mlima ukitembea tena nataka nione mimi."

Akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu asiowajua, akimwita Babu kwa jina la ujana wake, na Bi Zuhura akaketi naye sakafuni akamkumbatia bila kuuliza huyo ni nani. Nafula alikuwa amesimama amegeukia ukutani. Sikuwahi kumhurumia Nyanya kama siku ile, na wakati huohuo nilihisi mzigo umenitoka kifuani, kwa sababu nilijua kwamba furushi lile litafunguliwa.

Nyumba yake ya pili ilijengwa kando ya ya kwanza. Ilikuwa na paa lililoinuliwa na jiko la nje lenye ukuta wa kiunoni, na mafiga yalihamishiwa huko kwa mjadala mkali. Ukuta wa nyuma ulikuwa na dirisha ambalo fundi alilalamika kwamba liko chini mno, na ambalo lilikuwa sawasawa na macho ya mwanamke mzee aliyeketi. Wengine walipoona wakafuta chokaa yao. Safu zikavunjwa, nyumba zikageuzwa kila moja kwa namna yake, ilimradi upepo upite na mlango usitazame mgongo wa mtu. Ila kila nyumba, hata ya Mwakio, ilikuwa na dirisha upande wa milima. Ile nyumba ya kwanza haikubomolewa. Tulikaushia humo mahindi na maharagwe, na hayakuwahi kushikwa na ukungu hata msimu mmoja. Nyanya alipenda kuwaambia wageni kwamba ni yeye aliyesanifu ghala lile.

Aliishi pale miaka mingi. Kila asubuhi, kabla ya kumsalimia mtu, alifungua komeo la dirisha lake akaketi akatazama. Nami nikiwa na kikombe cha chai mkononi nilikuwa nikimwuliza habari za mlima, "Nyanya, umetulia?" Akiridhika alijibu, "Umetulia," na siku ikaanza. Wakati wa mvua alichelewa kujibu, na hakuna aliyeunywa uji mpaka ajibu.

Leo nina ajira yangu Voi mjini, nafundisha sekondari, nimepanga ghorofa ya tatu katika jengo jipya lenye vigae na maji ya bomba. Dirisha la jikoni kwangu linatazama ukuta wa jengo la pili. Nikinyoosha mkono naugusa. Chumba cha kulala hakipati upepo, kwa hiyo feni huzunguka usiku kucha, na umeme ukikatika nalala sakafuni. Sijui nani aliamua hivyo. Nimewahi kumwuliza msimamizi wa jengo, akanitazama kama tulivyomtazama Nafula siku ile ya mikeka. Ni jambo ninalolifikiria sana nikiosha vyombo nikiwa nimekabiliana na ule ukuta. Wakati tulipokuwa hatuna kitu, tumepoteza mtu na mlima mzima, alikuja mtu akatuuliza dirisha tunalitaka wapi, na tulipokosea akakaa nasi kwenye joto la kosa letu mpaka tukajua. Tangu hapo nimesoma, nimeajiriwa, nalipa kodi kila mwezi, na hakuna aliyeniuliza tena.

Mwaka huu mvua imekuja kwa kishindo. Huku mjini siuoni mlima, naona maji tu yakishuka kwenye ule ukuta. Mama ndiye anayekaa sasa katika nyumba ya Nyanya. Jana asubuhi, kabla sijaweka hata chai jikoni, nilimpigia simu, nikamwuliza kabla ya salamu, "Umetulia?" Nikasikia kigoda kikisogezwa, nikasikia komeo, halafu mvua ikasikika karibu zaidi, kama mtu ameingia nayo ndani. Nikasubiri, simu imeniganda sikioni, mpaka Mama akatosheka.

"Umetulia," akasema. Nikawasha jiko.